Kusalimu Amri na Kutamalaki: Jinsi Vita Vikuu vya Kwanza Vilivyokwisha Afrika Mashariki, 1916–1922

Utangulizi

Vita vikubwa havimaliziki siku ile bunduki zinaponyamaza. Kati ya mlio wa mwisho wa bunduki na siku ambayo mkulima anaweza kurudi shambani mwake bila hofu, pana mambo mengi ambayo hutendwa kwa karatasi na wino. Wanahistoria wamezoea kuyapanga mambo hayo katika hatua tatu. Kwanza, jeshi lililoshindwa husalimu amri. Pili, mshindi huingia katika nchi ya mshindwa, akaikalia na kuitawala kwa muda. Tatu, hufanywa mkataba wa amani ambao huamua nani apate nini, na nani alipe nini.

Mfano ulio maarufu ni ule wa Ujapani. Wajumbe wa nchi hiyo walitia saini hati ya kusalimu amri mnamo tarehe 2 Septemba 1945. Majeshi yaliyoongozwa na Marekani yakaikalia nchi, na ukaliaji huo ukakoma tarehe 28 Aprili 1952, mkataba wa amani uliotiwa saini San Francisco ulipoanza kutumika. Hapo mpangilio ni wazi: waliosalimu amri walikuwa wenye nchi, nchi iliyokaliwa ilikuwa yao, na ukaliaji ulipokwisha walirudishiwa mamlaka yao.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Afrika Mashariki, mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, mpangilio huo ulipinduka. Sehemu kubwa ya nchi ilitwaliwa mwaka 1916; jeshi lililokuwa likiilinda lilisalimu amri mwaka 1918, tena likiwa nje ya nchi hiyo; mkataba ulitiwa saini Ulaya mwaka 1919; na ruhusa ya kisheria ya kutawala ilithibitishwa mwaka 1922. Hoja yetu ni kwamba kupinduka huku si jambo la tarehe tu. Kunatokana na ukweli kwamba waliosalimu amri hawakuwa wenye nchi. Kusalimu amri kulikuwa jambo lililopita baina ya wageni na wageni. Kutamalaki kulikuwa jambo lililopita baina ya wageni na wenyeji. Na wenyeji, ambao ndio waliobeba vita hivyo mabegani, hawakuwa na siku waliyosalimu amri wala siku waliyoambiwa kwamba wameachiliwa.

Maneno na Maana Zake

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yafaa tuyatazame maneno tunayoyatumia, kwani mara nyingi neno humbebea msomaji hukumu kabla hajapewa ushahidi.

Shina la neno salimu limetoka katika Kiarabu, na ndilo lililozaa salama, salamu, silimu na salimisha. Katika yote hayo mna maana ya usalama na ya kujitoa mikononi mwa mwingine. Asalimuye amri, kwa hiyo, si mtu aliyeshindwa tu. Ni mtu aliyekubali kwamba kuanzia sasa amri ni ya mwenzake. Neno hili ladai watu wawili wanaotambuana: mmoja mwenye amri ya kuitoa, na mwingine mwenye amri ya kuipokea. Asiyekuwa na amri tangu mwanzo hana cha kusalimu.

Neno la pili ni tamalaki, nalo pia lina asili ya Kiarabu na lahusiana na milki na umiliki. Wasomaji wa ushairi wetu wanalikumbuka kutokana na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia jinsi Wajerumani walivyoitwaa pwani mwishoni mwa miaka ya 1880. Kutamalaki ni kufanya kitu kiwe milki yako. Halihitaji mtu wa pili aliyekubali. Latosha mwenye nguvu mmoja. Siku hizi twatumia pia kukalia, yaani kuketi juu ya kitu kisichokuwa chako, lakini kukalia kwaweza kuwa kwa muda, na aliyekaa aweza kuinuka. Aliyetamalaki hana nia ya kuinuka.

Tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza. Yatupasa kuuliza, kwa kila hatua ya mwisho wa vita hivi: nani alisalimu, nani alikalia, na nani alitamalaki?

Nchi Kutwaliwa Kabla ya Jeshi Kushindwa

Vita vilifika Afrika Mashariki mapema. Mnamo Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliushambulia mji wa Dar es Salaam kwa mizinga, na mwezi huohuo Wajerumani wakaiteka Taveta. Mwezi wa Novemba jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi lilitia nanga Tanga, nalo likapigwa vibaya na kurudishwa melini. Kwa muda wa mwaka mzima uliofuata, pande mbili hizo zilitazamana mpakani, Wajerumani wakiishambulia reli ya Uganda mara kwa mara.

Mambo yaligeuka mwaka 1916, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alipokabidhiwa uongozi wa majeshi ya Waingereza. Mwezi wa Machi Moshi ilitwaliwa. Mwezi wa Julai, Tanga. Na mapema mwezi wa Septemba, Dar es Salaam. Upande wa magharibi, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Rwanda na Burundi, kisha yakaufikia mji wa Tabora na kuutwaa tarehe 19 Septemba. Hivyo, kabla ya mwaka huo kumalizika, bandari zote kubwa na reli ya kati zilikuwa zimekwisha kumtoka Mjerumani.

Hapo ndipo ukaliaji ulipoanza. Waingereza hawakungoja vita viishe. Mwaka huohuo wa 1916 walimweka Horace Byatt kuwa msimamizi wa utawala wa raia katika sehemu za kaskazini zilizotekwa, naye akaanza kazi katika mji wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto. Wabelgiji nao waliweka maofisa wao Tabora, Ujiji, Kigoma na Rwanda-Urundi. Kodi iliendelea kudaiwa, mashauri yaliendelea kukatwa, na watu waliendelea kukusanywa kwa kazi za jeshi. Mwananchi wa Usambara au wa Unyamwezi alikuwa amebadilishiwa bwana wakati bwana wake wa zamani angali anapigana kusini. Sheria za vita za mataifa zilimtaka mwenye kukalia nchi ahifadhi mambo yalivyo mpaka mkataba ufanywe, lakini mwenye kuhifadhi ndiye pia aliyekuwa akijiandaa kurithi.

Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliendelea kurudi nyuma kuelekea kusini. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa mnamo Oktoba 1917, aliwaacha wagonjwa na majeruhi wake, akachagua watu wenye nguvu, na tarehe 25 Novemba akavuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Gavana Heinrich Schnee alikuwa pamoja naye. Kwa hiyo, tangu mwisho wa mwezi huo koloni la Wajerumani halikuwa na jeshi la Kijerumani ndani yake, wala gavana. Kilichobaki ni msafara wenye silaha uliokuwa ukizunguka katika nchi za watu wengine, ukila chakula cha wanavijiji wa huko.

Msafara huo ulizunguka Msumbiji kwa muda wa miezi kumi. Mwishoni mwa Septemba 1918 uliuvuka tena Ruvuma, ukapita kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kisha ukaingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia. Tarehe 9 Novemba ukaingia Kasama na kuukuta mji umekwisha kuhamwa. Siku mbili baadaye mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa saini katika msitu wa Compiègne, Ufaransa. Lettow-Vorbeck hakuwa na habari yoyote.

Kifungu cha 17

Mapatano hayo ya tarehe 11 Novemba 1918 yalikuwa na kifungu kimoja kilichohusu Afrika Mashariki, nacho ni kifungu cha 17. Historia ya kifungu hicho ni ya kuangaliwa sana na mtu yeyote anayejishughulisha na lugha.

Katika masharti ambayo Mataifa Shirika yaliwawekea Wajerumani mwanzoni, kifungu hicho kilidai kwamba majeshi yote ya Kijerumani yaliyokuwa Afrika Mashariki yasalimu amri bila masharti katika muda wa mwezi mmoja. Wajumbe wa Ujerumani walilikataa neno hilo. Hoja yao ilikuwa kwamba jeshi ambalo halijashindwa haliwezi kutakiwa lisalimu amri. Walikubaliwa. Katika matini iliyotiwa saini, kusalimu amri kuliondolewa, na mahali pake pakawekwa kuhama: majeshi ya Kijerumani yangeondoka Afrika Mashariki katika muda ambao ungepangwa na washindi.

Lakini neno lililosafiri kutoka London mpaka kwenye mto Chambeshi halikuwa lile lililotiwa saini. Tarehe 13 Novemba askari wa Lettow-Vorbeck walimkamata mjumbe wa Waingereza aliyekuwa na barua zenye habari ya kusimamishwa kwa vita. Siku iliyofuata Hector Croad, ofisa wa utawala wa Waingereza katika sehemu hizo, alimpelekea kamanda huyo simu rasmi ya Jenerali van Deventer. Simu hiyo ilisema kwamba kifungu cha 17 kimeamuru kusalimu amri bila masharti. Ilimtaka awaachilie wafungwa, ayapeleke majeshi yake Abercorn, na akabidhi silaha zote; ila maofisa na Wazungu wengine waliruhusiwa kubaki na silaha zao za binafsi kwa muda, kwa heshima ya jinsi walivyopigana.

Hivyo basi, vita vya miaka minne katika nchi yetu vilimalizwa na neno ambalo wenye mapatano walikuwa wamekwisha kulifuta. Lettow-Vorbeck alilalamika juu ya jambo hilo baadaye, na Wajerumani wengi walilitumia kudai kwamba jeshi lao la Afrika halikushindwa kamwe. Dai hilo lilikuwa na faida kubwa kwao: lilisaidia kuijenga hadithi ya shujaa asiyeshindwa, na katika miaka ya baadaye liliungwa na madai ya kurudishiwa makoloni.

Sisi, hata hivyo, hatuna haja ya kuchagua upande katika ugomvi huo. Linalotuhusu ni kwamba maneno yote mawili, kusalimu amri na kuhama, yalihusu jeshi la Kijerumani peke yake. Juu ya watu wa nchi ambayo jeshi hilo lingehama, kifungu cha 17 hakikusema neno.

Abercorn, Tarehe 25 Novemba 1918

Kusalimu amri kwenyewe kulifanyika Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Aliyepokea alikuwa Brigedia-Jenerali W. F. S. Edwards. Waliofika mbele yake walikuwa Wajerumani 155, askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi wapatao 1,500, bila kuhesabu wanawake na watoto waliofuatana na msafara huo. Kwa maneno mengine, katika kila watu kumi na wanane au zaidi waliotolewa mbele ya jenerali huyo, Mzungu alikuwa mmoja tu.

Waliokuwa wakiwalinda nao walikuwa Waafrika. Jeshi la King's African Rifles, lililokuwa dogo sana vita vilipoanza, lilikuwa limekuzwa mpaka likapita askari 30,000, na baadhi yao walikuwa askari wa Wajerumani waliotekwa na kuandikwa upya. Amri za pande zote mbili, zilipofika kwa askari, zilieleweka kwa kiasi kikubwa kwa njia ya Kiswahili. Ni sawa kusema kwamba pale Abercorn Waafrika waliweka bunduki chini mbele ya Waafrika, huku maofisa wa pande mbili wakisomeana taarifa kwa Kijerumani na Kiingereza.

Baada ya hapo njia za waliosalimu amri ziliachana. Wajerumani walipelekwa kwa meli ya ziwani hadi Kigoma, kisha kwa reli hadi Dar es Salaam, na mnamo Januari 1919 wakasafirishwa kwao. Mwezi wa Machi Lettow-Vorbeck na maofisa wake walipita katika barabara za Berlin wakishangiliwa na umati wa watu. Askari wao wa Kiafrika walizuiliwa kambini Tabora kwanza, kisha wakatawanyika makwao, wakiwa na hati za mishahara ambayo hawakuwa wamelipwa. Homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima mwaka huo iliwakuta njiani na kambini, ikawaua wengi.

Hao askari, ingawa walingoja sana, walikumbukwa. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi ilitenga fedha za kuwalipa wale wazee waliokuwa wangali hai. Wapagazi 1,500 wa Abercorn hawakuwa na hati, na hakuna bunge lililowatengea kitu.

Kugawana

Kusalimu amri kulipokwisha, kulibaki suala la nani atamalaki. Suala hilo halikuamuliwa Dar es Salaam wala Tabora. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, uliitaka Ujerumani, katika kifungu cha 119, iachilie haki zake zote juu ya makoloni yake kwa mataifa makuu yaliyoshinda. Lakini hata kabla ya saini hiyo mgawanyo ulikuwa umekwisha kufanywa. Mapema mwezi wa Mei wakuu wa mataifa hayo walikubaliana kwamba Afrika Mashariki ya Wajerumani iende kwa Uingereza. Wabelgiji, ambao majeshi yao yalikuwa yamemwaga damu Tabora na Mahenge, walikataa kutoka mikono mitupu, na mwishoni mwa mwezi huohuo Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakaafikiana kwamba Rwanda na Urundi ziwe za Ubelgiji. Wareno wakapewa Kionga, kipande kidogo cha ardhi kilichoko kusini mwa mdomo wa Ruvuma.

Kisa cha Gisaka chaonyesha vizuri namna kazi hiyo ilivyofanywa. Gisaka ni sehemu ya mashariki ya Rwanda. Waingereza waliitaka kwa sababu waliwaza kupitisha humo reli ya kutoka Cape mpaka Cairo. Kwa hiyo ilikatwa na kutiwa upande wao, na Mwami Musinga akaona sehemu ya ufalme wake ikitolewa kwa ajili ya reli ambayo haikuwahi kujengwa. Yeye na wamisionari Wakatoliki walilalamika, na kabla ya mwaka 1924 kuanza Gisaka ilikuwa imekwisha kuamuliwa irudishwe. Hapa pana Mwafrika ambaye malalamiko yake yalisikilizwa. Lakini hata yeye hakuulizwa kwanza, alisikilizwa baada ya kukatwa. Na hakupewa nafasi ya kuuliza swali kubwa zaidi, yaani kama alitaka Mbelgiji badala ya Mjerumani.

Jina la utawala mpya lilikuwa udhamini. Shirika la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilisema kwamba watu wa makoloni yaliyotekwa walikuwa hawajaweza kujisimamia wenyewe, kwa hiyo wangewekwa chini ya mataifa yaliyoendelea kama amana. Sehemu iliyobaki kwa Waingereza ilipewa jina la Tanganyika mwaka 1920, Byatt akawa gavana wake, na udhamini wake ukathibitishwa mnamo Julai 1922. Walowezi wa Kijerumani walifukuzwa na mali zao zikauzwa kama mali za adui. Wamisionari wa Kijerumani nao waliondolewa, wale wa Kilimanjaro wakiwaachia makanisa na shule walimu wa Kiafrika, ambao waliziendesha kwa miaka kadhaa.

Yafaa tuwe waadilifu: udhamini haukuwa jina tupu kabisa. Uliwalazimisha Waingereza kupeleka taarifa Geneva kila mwaka, na ulikuwa mmoja wa sababu zilizoizuia Tanganyika isifanywe nchi ya walowezi kama Kenya. Hata hivyo, mdhamini hakuchaguliwa na aliyedhaminiwa. Ukaliaji wa mwaka 1916, ambao kwa sheria ulikuwa wa muda, ulikuwa umegeuka kuwa kutamalaki, na hapakuwa na siku yoyote katikati ambapo mwenyeji aliulizwa.

Deni la Wapagazi

Ikiwa twataka kujua vita viliishaje kwa wananchi, yatupasa tuyaache mabaraza ya Ulaya na kuwatazama wapagazi. Katika nchi zenye mbung'o, farasi na ng'ombe walikufa upesi, na magari yalizama katika matope ya masika. Kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yao uliwatumia watu karibu milioni moja katika muda wote wa vita. Nchini Kenya ukusanyaji ulifikia kilele mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, wakati vijiji vizima vilipobaki na wazee, wanawake na watoto. Hesabu rasmi zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Watafiti wa baadaye wanaona kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa.

Nako nyumbani hali haikuwa nafuu. Majeshi yaliyopita Ugogo yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, na mvua ilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ilianza wakati vita vingali vikiendelea na ikadumu baada ya Abercorn. Kwa Mgogo, basi, tarehe 25 Novemba 1918 haikuwa mwisho wa chochote.

Nchini Kenya, ambayo ilikuwa upande wa washindi, mwananchi alitendewa kama mtu wa nchi iliyotekwa. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wa Kizungu mashamba, zaidi ya 1,000, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Askari wa Kiafrika waliopigana vita hivyohivyo hawakupata hata ekari moja. Badala yake, walipata kipande cha kuning'iniza shingoni, kodi iliyoongezwa, na mwaka 1920 nchi yao ikabadilishwa jina kutoka himaya kuwa koloni. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofia njiani haikuwafikia jamaa zao. Machi 1922, watu walipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe, walipigwa risasi na zaidi ya 20 wakauawa. Miezi minne baadaye udhamini wa Tanganyika ulithibitishwa. Mambo haya mawili hayafundishwi katika sura moja ya vitabu vyetu, lakini ni sura moja: ni namna amani ilivyowafikia watu pande mbili za mpaka.

Kumbukumbu za wapagazi zipo, lakini zimejificha katika majina. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya jina la kikosi chao katika Kiingereza. Watu hununua nyanya na vitenge huko kila siku bila kujua kwamba wanatembea juu ya kambi. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata sanamu nyingine zikasimamishwa Nairobi, moja ikiwa ya mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Majina ya waliokufa hayakuandikwa katika lugha yoyote kati ya hizo.

Lugha Iliyorithiwa

Pana kitu kimoja ambacho ukaliaji haukukibomoa, nacho ni Kiswahili. Wajerumani walikuwa wametawala kwa msaada wa maliwali, maakida na makarani waliofundishwa katika shule kama ile ya Tanga, ambako gazeti la Kiongozi lilichapishwa. Maofisa wa Byatt walipoingia walikuta utawala wenye mafaili, hukumu na barua za Kiswahili. Kuufuta wote na kuanza upya kungehitaji fedha na watu ambao hawakuwa nao. Wakawaacha maakida kazini, mpaka Gavana Donald Cameron alipouleta utawala wa kupitia machifu baada ya mwaka 1925. Mwaka 1923 serikali yenyewe ikaanzisha gazeti la Mambo Leo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukaichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa.

Isifikiriwe kwamba washindi walikipenda Kiswahili. Walikikuta kikifanya kazi, wakakitumia. Bali lugha haitumiki kwa upande mmoja tu. Katika makambi ya wapagazi, Mkamba, Mnyamwezi, Mjaluo na Myao walilala kando ya moto mmoja, na lugha waliyoweza kuulizana nayo habari za nyumbani mara nyingi ilikuwa hiyo. Lugha iliyobeba amri ndiyo iliyobeba malalamiko, na katika miaka ya baadaye ndiyo iliyobeba madai ya uhuru.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sentensi tuliyoizoea katika vitabu vya shule, kwamba vita viliisha Novemba 1918, ni ya kweli kwa jeshi la Kijerumani na kwa maofisa wa Kiingereza. Kwao palikuwa na amri, na amri hiyo ilisalimiwa. Kwa wenyeji wa Afrika Mashariki neno hilo halifai. Wao hawakusalimu amri, kwa sababu hawakuwa wametangaza vita. Wala hawakuhama, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Walitamalakiwa mara ya pili, kwa jina jipya.

Kwa hiyo mwandishi wa historia kwa Kiswahili ana wajibu ambao hauwezi kutimizwa kwa kufasiri vitabu vya wageni neno kwa neno. Akiandika kwamba Afrika Mashariki ya Wajerumani ilisalimu amri, atakuwa amewafanya watu wa Songea, Bukoba na Kigali kuwa wenye vita ambavyo havikuwa vyao. Na akiandika kwamba amani ilirejea, itampasa aseme ilirejea kwa nani, mwaka gani. Waliokuwa na hati wamelipwa. Waliokuwa na majina walichongewa sanamu, au walishangiliwa barabarani. Waliobaki ni wale waliobeba mizigo, na deni lao bado liko palepale.